Ndoo za Soya za Jirani Aliyetunyima Mkono

Jumamosi iliyopita tulimzika jirani yangu wa hapa kambini Dzaleka, Malawi, fundi cherehani wa zamani kutoka Bukavu, ambaye wengi wenu mlimjua kama yule mzee mwenye kiburi. Nami nilimwita hivyo. Wakati wa mvua ukimpa mkono asubuhi aliuficha wake mgongoni, na kwetu sisi watu wa Kivu, tusioweza kupitana bila kushikana mikono, hilo ni tusi. Mama mmoja wa kwaya alimkabili: "Papa, unatunyima mukono juu ya nini? Sisi hatuko bantu?" Akajibu kwa upole: "Maman, si kiburi. Huu mukono njo unatoka ku ndoo za mustari wa tatu, bakteria yake bado iko hapa." Mama akaondoka akimwombea.

Ndoo zilikuwa kumi na mbili nyuma ya nyumba, mistari minne, zote za soya. Kabla ya vita, kabla hajashika cherehani, alikuwa mtu wa maabara ya kilimo, na mtafiti mmoja wa Lilongwe alimpa jaribio: soya ileile, udongo uleule uliochemshwa kwenye pipa kuua vijidudu vyake (ndiyo, mzee alipika udongo), lakini kila mstari na bakteria wa aina yake. Bakteria hao hukaa kwenye vinundu vya mizizi, huchukua naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Sasa, kuna naitrojeni nyepesi na nzito, na vinundu hubakiza zaidi ile nzito. Kwa kiasi gani? Yeye alishuku kwamba inategemea bakteria waliomo, na asiyewauliza hao atakosea hesabu ya chakula ambacho soya imepata hewani. Jaribio likienda safi, angeandikiwa barua ya kuingia maabara. Ndiyo maana alinawa kwa sabuni kila alipovuka mstari, na hakushika mkono wa mtu kabla ya kumaliza zote.

Siku moja alikwenda Lilongwe, nami nikaja kurudisha pasi yake ya mkaa. Nikaona magugu. Nikapalilia ndoo zote kwa mkono uleule, toka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, kisha nikakaa kungoja shukrani. Alirudi, akatazama kucha zangu. "Ulinawa kati yao?" Nikacheka. Akaketi chini. "Ndugu yangu, bakteria bote umebatia mu nyumba moja. Sasa hata mi sijui nani njo nani."

Angeweza kunyamaza; soya ilikuwa imestawi na hakuna ambaye angejua. Aling'oa yote, akampigia mtafiti kwa simu yake ya tochi na kusema ndoo zimechanganyika. Jina langu hakulitaja. Barua ikachelewa mwaka mzima, na aibu hiyo ninayo hadi leo. Msimu uliofuata alipanda upya, na vinundu vikajibu alivyoshuku, mstari kwa mstari, naye akafanya kazi maabara mpaka nguvu zilipomwishia.

Amenifundisha kuuliza kabla ya kusaidia. Makaburini, zamu yangu ya kutupa udongo ilipofika, nilikwenda kwanza kwenye dumu la maji, nikanawa kwa sabuni mpaka viwikoni huku watu wote wakisubiri. Nikamsikia yule mama wa kwaya akimnong'oneza mwenzake: "Na huyu naye njo anaanza kiburi?"