Dada Yangu Asiyekula Omena

Aibu niliyoipata Homa Bay siwezi kuisimulia nikiwa nimekaa wima, kwa hiyo niacheni niegemee ukuta, na anayetaka kucheka acheke mapema tumalizane. Akina mama saba wa kanisa, wamevaa nguo zao za Sabato, walipiga magoti kwenye sakafu ya chumba changu wakamwombea mbwa uponyaji, na aliyewaleta pale ni mimi, kwa ulimi wangu huu huu.

Ilianza Macalder, asubuhi moja ya miaka ya tisini, nilipoamka nikaona sina sababu ya kubaki (niliacha shule darasa la sita, na hadi siku hiyo nilikuwa sijawahi kukaa mahali zaidi ya mwezi, nikiona kilima lazima nijue nyuma yake kuna nini). Dhahabu niliyoipata katika mashimo ya Macalder ilikuwa moja tu, mbwa jike wa rangi ya mchanga, nikampa jina hilo hilo. Siku shimo letu lilipotaka kubomoka ni yeye aliyebweka mpaka tukatoka nje kumfukuza, na tulipotoka shimo likajifunga nyuma yetu. Mbwa wa namna hiyo humwachi. Lakini Dhahabu alikuwa akijikuna mpaka damu, nywele zimemtoka mgongoni na masikioni, na wachimbaji walinishauri nimpake oili chafu ya lori, nikampaka, akawa mweusi kama sufuria na bado anajikuna. Basi asubuhi hiyo nikamweka kwenye katoni nyuma ya baiskeli, nikakanyaga bila kujua naenda wapi.

Migori mjini, mwenye duka la dawa za mifugo aliniuzia dawa ya kupe, ile ya kuogeshea ng'ombe. Nikamwogesha Dhahabu, wapi. Nikarudi dukani, yule bwana akamtazama kwa huruma akasema, "Hiyo si kupe. Nenda Homa Bay, kuna daktari wa mifugo ana hadubini." Hapo ndipo nilipokwisha, maana maisha yangu yote nilikuwa natamani kuchungulia ndani ya hadubini, na nakubali kwamba kilomita kumi za kwanza nilizikanyaga kwa ajili ya hadubini, si kwa ajili ya mbwa.

Daktari alikuwa mtu mpole aliyezoea ng'ombe. Alimkwangua Dhahabu ngozi kwa wembe, akaiweka kwenye kioo, akaniruhusu nichungulie (niliona kitu kama ramani ya nchi nisiyoijua). "Wadudu hakuna," akasema, "upele si huu." Kwa kutoona kitu nililipa redio yangu. Sindano aliyomchoma ilimtuliza siku kumi, kisha akaanza upya, na hiyo sindano ilikuwa saa yangu ya mkono.

Ndipo akasema, "Nadhani ni mzio. Kuna kitu mwili wake unakikataa. Huyu amekula nini tangu azaliwe?"

"Omena na ugali." (Omena ni wale dagaa wa ziwani, chakula chetu cha kila siku.)

"Basi wiki nane asionje omena, asionje ugali. Mpe kitu ambacho hajawahi kula."

Mbwa wa Macalder hajawahi kula nini? Mbuzi. Nyama ya mbuzi na viazi vitamu, vimechemshwa bila chumvi, wiki nane. Akilamba hata kichwa kimoja cha samaki, alisema, tunarudi mwanzo. Na mwishoni, akishapona, nimpe omena makusudi, tuone kama ugonjwa utarudi, maana bila hivyo hatutakuwa na hakika. Nikamuuliza kama hakuna kipimo cha haraka. "Kipimo ni sufuria yako," akasema.

Baiskeli nayo ikauzwa. Hebu fikirini, mtu asiyekaa mahali mwezi mmoja amepanga chumba mtaa wa Shauri Yako miezi miwili kwa ajili ya tumbo la mbwa. Nilibeba mizigo sokoni, mchana nakula omena kibandani, nanawa kwa sabuni mara mbili kabla ya kumgusa, kisha namchemshia yeye mbuzi. Nilimvalisha shati langu la mikono mirefu asijikune, nikamfungia ndani asiokote vichwa vya samaki njiani, naye akahamia kitandani kwangu chini ya blanketi, mimi nikahamia kwenye mkeka.

Nyama nilinunua kwa Elisha, mwenye bucha pale karibu na soko, mzee wa kanisa la Sabato, mtu ambaye mizani yake watu waliiamini. Wiki ya pili aliweka kisu chini akaniangalia.

"Omera, ndugu yangu, kila siku robo kilo ya mbuzi, na shati lako lina madirisha. Nani anakula hii nyama?"

Nyuma yangu kulikuwa na foleni. Mama mmoja alikuwa ameshika ndoo kusubiri mifupa ya supu, mzee mmoja alikuwa anajadiliana na nafsi yake kuhusu matumbo. Mbwa ni neno fupi, lingetoka lingekuwa limetoka, lakini nilipomtazama mama mwenye ndoo likarudi tumboni, nikasema, "Nina mgonjwa."

"Nani?"

"Dada yangu. Akinyi." (Dada sina. Mama yangu alizaa wavulana watupu, na alilalamika mpaka mwisho.)

"Anaumwa nini?"

"Ngozi. Anajikuna usiku kucha, nywele zimeng'oka. Samaki hawezi kabisa, ni mbuzi tu."

Miaka ile, upande wetu, kijana aliyekonda ngozi ikamharibika hakuulizwa jina la ugonjwa wake, watu walitazama chini tu. Elisha akashusha sauti, "Pole, ndugu yangu," akakata robo iliyokaribia nusu, akaongeza kipande cha ini. Ningesema palepale kwamba ni mbwa. Lakini ini lilikuwa tayari limefungwa, na siku ya pili akafunga tena, na tena, na wiki zikapita nywele za Dhahabu zikaanza kuota laini kama za kifaranga, nami kila siku nasema, "Akinyi hajambo, nywele zinaota," naye anasema, "Mungu ni mwema," na mama mwenye ndoo anasema amina.

Nilichosahau ni kwamba watu wa Sabato hawakai nyumbani Jumamosi alasiri wakiwa wamesikia kuna mgonjwa. Asubuhi ni kanisa, alasiri ni wagonjwa, ndiyo kazi yao.

Sabato ya wiki ya nane nikasikia hodi. Mbele alikuwa Mama Rebeka, kiongozi wa akina mama, mrefu, kilemba cheupe, na nyuma yake sita wengine wenye masufuria vichwani.

"Sabato njema. Elisha ametuambia. Tumekuja kumwona Akinyi."

Nikasema amelala. "Asiamke," akasema, "Mungu hahitaji awe macho." Wakaingia, wakaweka masufuria chini, la uji, la kuku, na moja la omena. "Hii omena ni yako," mmoja akaniambia. "Tumesikia mgonjwa hali samaki, lakini anayeuguza naye lazima ale."

Chumba kina dirisha la kupitisha ngumi. Kitandani kulikuwa na umbo chini ya blanketi, limeelekea ukutani, na mkono wa shati umechomoza. Nikajaribu mara ya mwisho, nikasema, "Mama, simameni hapo mlangoni, ugonjwa huu unaambukiza."

Mama Rebeka alinigeukia taratibu. "Kijana, binti yangu aliugua miaka miwili, na watu walisimama mlangoni wakisema hivyo hivyo. Mimi sisimami mlangoni."

Akapiga magoti, akanyoosha mkono akauweka kichwani kwa Akinyi, na hapo nilitamani lile shimo la Macalder lije linifuate.

"Baba," akaanza, "mguse binti huyu." Na Dhahabu, ambaye kwa wiki nane hakuguswa na mtu mwingine ila mimi, akaanza kutikisa mkia, blanketi likawa linapiga ukuta, pa, pa, pa.

"Anatetemeka, maskini," mama mmoja akanong'ona.

Kisha mgonjwa akageuka akamlamba Mama Rebeka, kuanzia kidevuni mpaka kwenye kilemba.

Mama Rebeka alifumbua jicho moja. Mbele yake kulikuwa na mbwa aliyevaa shati, vifungo vimefungwa mpaka shingoni. Nyuma mtu alipiga ukelele, wawili wakasimama.

"Pigeni magoti," akasema bila kugeuka. "Sala haikatwi katikati." Akalifumba lile jicho. "Baba, unakijua ulichokiumba. Huyu mbwa mponye, kama ulivyokwisha kuanza. Na huyu kaka yake mponye pia, ingawa wake ni ugonjwa wa siku nyingi. Amina."

Amina za wale wengine zilipitia kwenye leso walizokuwa wameziuma. Mimi sikufumbua macho, sikuona haraka ya kufumbua, mpaka niliposikia mfuniko ukianguka, na nilipotazama Dhahabu alikuwa ndani ya sufuria la omena mpaka masikio.

Jumatatu alikuwa anajikuna. Daktari alifurahi kama mtu aliyepata ndama. "Basi tumejua, ni omena. Hilo ndilo lilikuwa jaribio la mwisho." Redio, saa, baiskeli na wiki nane za mbuzi, halafu akina mama wa kanisa wakamaliza kazi kwa sufuria moja.

Nilienda kwa Elisha kuomba msamaha, na siku hiyo foleni ilikuwa ndefu kuliko kawaida. Aliendelea kukata nyama. "Ini lile," akasema hatimaye, "nilikuwa nampa mama mmoja mgonjwa wa kweli." Hakuna aliyecheka, na ningependa wangecheka. Kisha akanisukumia kifurushi. "Chukua. Mbwa hakumdanganya mtu."

Nilimbebea nyama kutoka machinjioni wiki mbili bila kudai kitu, ini likarudi kwa mwenyewe, na kila nilipopita soko zima liliniita, "Kaka ya Mbwa, dada hajambo?" Dhahabu alipotulia tena, niliamka asubuhi moja nikaondoka naye kwa miguu, sina mpango, mradi tu nifike mahali ambapo hakuna anayenijua. Nikafika Mbita. (Ndiyo, Mbita, ambako omena imeanikwa ufuoni kote mpaka huoni pa kukanyaga. Nimesema niliacha shule mapema.)

Njiani niliapa kwamba nikiulizwa nani anakula nyama nitajibu kabla swali halijaisha. Kwa hiyo mwenye nyumba ya wageni alipofungua mlango, nilianza mimi, "Niko na mbwa, ni mbwa kabisa, si ndugu yangu, na hali samaki."

Alinitazama, akamtazama Dhahabu na shati lake, kisha akafungua mlango wote.

"Karibu, dada," akamwambia. "Elisha alituletea habari zako kanisani." Halafu akanigeukia. "Na wewe, ulikuwa unataka chumba pia?"