Pini ya Serikali

Jumanne, kwenye kaunta ya ofisi ya kesi za wapangaji, nilisimama nyuma ya mama mmoja wa mtaa wa Kiamaiko. Alikuwa ameshinda: mwenye nyumba amekatazwa kumfukuza. Karani akaipiga amri muhuri, akaupuliza wino ukauke.

“Hii ubandike mlangoni, mama, mwenye nyumba aione.”

“Mlango aliung'oa wiki jana. Nimetundika blanketi.”

Karani akajikuna kichwa kwa kalamu. “Lakini sheria inasema mlangoni.”

Mama hakubishana. “Basi niazime pini, niishikize kwenye blanketi.”

Karani akamchagulia moja yenye kutu. “Uirudishe. Ni mali ya serikali.”

Pini itarudi, mama yule namwamini. Lakini niliisoma amri yote nikichungulia begani mwake, na hakuna mahali mwenye nyumba alipoambiwa arudishe mlango.