Kupiga Goti Mtumbwini

Nianze kwa kukiri, maana wanaonijua watanicheka nikijificha: nilimwonea wivu mdogo wangu tangu akiwa analala ubavuni mwa mama. Tumezaliwa wawili tu, wote wasichana. Na wivu huo nilikwenda nao mpaka Thailand nikarudi nao.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria kuingia. Bariadi bado ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Shinyanga, na pamba, ambayo tangu utoto wetu ilinunuliwa na ushirika peke yake, ilianza kugombewa na wanunuzi binafsi waliokuja na malori na mizani yao mpaka Sapiwi kwetu. Wanawake waliokuwa wakipanga foleni kutwa nzima kupata doti moja ya khanga sasa walitaka magauni ya Bangkok, tena wachague rangi. Mimi nilikuwa na duka la nguo Bariadi mjini. Mdogo wangu alikuwa na meza yake Nyashimo alikoolewa, kando ya barabara ya Mwanza kwenda Musoma. Akina mama wafanyabiashara wa Mwanza walikuwa wakienda Bangkok kwa makundi kuchukua mzigo, nikajiunga nao. Nilipokuwa najiandaa kwenda mara ya pili, mama akaniambia, "Safari hii mchukue mdogo wako, naye akaone." Nikamchukua. Ningekataaje?

Lakini kulikuwa na jambo jingine lililokuwa likinitoa jasho kuliko safari yenyewe. Baba alikuwa ametangulia mbele ya haki, na mama alikuwa hawezi tena kulima peke yake. Macho yalikuwa yanafifia na nyumba ya Sapiwi ilikuwa inavuja. Kwetu mama mzee hukaa kwa mwanawe wa kiume. Mama hakuwa naye. Kwa hiyo ilibidi ahamie kwa mmoja wetu, na waume zetu wote wawili walikuwa wamekubali. Tulipokwenda kumuaga alisema, "Nendeni salama. Mkirudi nitawaambia nakwenda kwa nani."

Nilimtaka mama aje kwangu. Nilimtaka mno. Mimi, kama mtoto wa kwanza, nilipoachishwa ziwa nilipelekwa kulelewa kwa bibi, na niliporudi nyumbani nikiwa msichana mkubwa nilikuta kuna mtoto mwingine anayelala ubavuni mwa mama, anayejua nyimbo zake zote, anayeitwa kwa majina ya mapenzi ambayo mimi sikuwahi kuitwa. Nilikuwa mgeni kwa mama yangu mwenyewe! Sasa nilitaka, hata kama ni uzeeni, niamke asubuhi nimsikie akikohoa katika nyumba yangu. Basi, hilo tu.

Bangkok tulifanya kazi yetu. Siku moja kabla ya ndege, mizigo ilikuwa imeshakabidhiwa na hatukuwa na la kufanya. Pale hotelini kulikuwa na picha kubwa ukutani ya soko lililo juu ya maji, wanawake na mitumbwi yao imejaa matunda, na mtu wa mapokezi akatuambia kuna gari linalopeleka wageni asubuhi na kuwarudisha jioni, pamoja na kiongozi wa kuwaeleza mambo. Mdogo wangu alishika mashavu yake kwa furaha.

"Dada, twende!"

"Kuangalia mitumbwi?" nikamwambia. "Bebe, wewe! Mitumbwi imejaa Nassa ziwani, tena yenye samaki. Umepanda ndege ili uje uone mtumbwi?"

"Nikamtafutie mama zawadi."

Zawadi ya mama? Aipate yeye, peke yake, huko kwenye soko la maajabu, mimi nimelala hotelini? Thubutu! Nikavaa viatu.

Kiongozi wetu alikuwa msichana mwenye kibendera cha njano. Kiingereza changu cha kidato cha nne ndicho kilichotuvusha safari nzima, na mdogo wangu, aliyeishia darasa la saba, alikuwa akinitegemea kwa kila kitu. Nilifurahia hilo, sisemi uongo. Lakini mle garini, kabla hatujatoka mjini, nikageuka nikakuta yeye na yule msichana wanaoneshana kwa vidole jinsi ya kusuka nywele, wanacheka mpaka machozi, na hakuna hata neno moja walilokuwa wanaelewana. Mimi niliyekuwa na maneno yote nilikaa nikitazama dirishani. Nikanuna kilomita zote.

Tulipofika, tuligawanywa kwenye mitumbwi myembamba, watu wanne wanne. Sisi tulipangwa na mzee mmoja Mzungu na mkewe, na nyuma alikaa mama wa makamo akipiga kasia. Tukaingia kwenye mfereji, na hapo nikakubali kwamba Nassa si hivi. Soko lote lilikuwa majini. Mwanamke huyu ana ndizi na maembe, yule ana mabalungi makubwa kama kichwa cha mtoto, mwingine amewasha jiko la mkaa ndani ya mtumbwi wake anapika tambi za mchuzi na kukupakulia bakuli bila kumwaga hata tone. Wenye maduka ya kando walikuwa na vijiti virefu vyenye ndoano; ukipita wanakuvuta mtumbwi, unasimama upende usipende. Nikawaonea wivu hata wao. Mimi Bariadi nakaa mlangoni nikiita wapita njia mpaka sauti inakauka, wenzangu wanavua wateja!

Nilikuwa nimeshaamua: mama nitampelekea kofia. Wauzaji wote walivaa kofia za majani yaliyosukwa, pana kama ungo, zilizokaa juu ya kichwa kwa kikalio cha ndani mfano wa kata ili upepo upite. Mama alikuwa haachi kulalamikia jua. Nikaona mtumbwi wa bibi mmoja, mzee kweli, mikono imekunjamana, anauza kofia na vikapu. Nikamwonesha mwenye kasia asogee.

Nikaanza kazi yangu. Bibi akaandika bei kwenye kikokotoo, nikakifuta nikaandika yangu. Akatikisa kichwa, akaandika nyingine. Nikacheka kwa kejeli, nikajifanya naondoka, nikarudi. Hayo ndiyo nayajua. Kiongozi wetu, aliyekuwa kwenye mtumbwi wa mbele, akasema kwa Kiingereza kwamba mama huyu mkali, na Wazungu wetu wakacheka. Nilijiona. Lakini yule bibi hakucheka. Alitazama pembeni, amechoka.

"Dada," mdogo wangu akaninong'oneza kwa Kisukuma, "hujamwamkia."

"Nini?"

"Bibi. Umeanza na bei. Hujamwamkia."

"Hapa ni sokoni, si Sapiwi. Kaa chini."

Hakukaa. Kwetu mwanamke akimwamkia mkubwa wake hupiga goti. Hufikirii, magoti yanajikunja yenyewe, uwe njiani, uwe shambani. Lakini hakuna mtu aliyetufundisha kupiga goti ndani ya mtumbwi. Mdogo wangu aliinuka, akageukia ubavuni, akashuka kwa magoti na uzito wake wote. Mtumbwi ukalala upande. Maji yakaingia pwaa! Mama Mzungu akapiga ukelele na kumkumbatia mumewe, mwenye kasia akafoka kwa lugha yake, kiongozi akapeperusha kibendera akiita, "Kaeni! Kaeni!" Mimi nilishika kingo kwa mikono yote miwili, viatu vimejaa maji, na nilitamani mfereji unimeze. Aibu gani hii!

Na yeye, katikati ya kelele zote, magoti majini, viganja pamoja, akasema taratibu, "Mwadila, mayu."

Hivyo ndivyo tunavyomwamkia mama mtu mzima mchana. Yule bibi hakujua Kisukuma, ataanzia wapi? Lakini aliweka kikokotoo chini. Akakutanisha viganja vyake mbele ya uso, akainamisha kichwa, akajibu maneno marefu ya upole. Kisha akavua kofia iliyokuwa kichwani mwake, ya zamani, iliyobadilika rangi kwa jua, akanyoosha mkono juu ya maji na kumvika mdogo wangu.

Mdogo wangu akaishika kwa mikono miwili, akashukuru. "Wabeja, mayu. Wabeja sana."

Nikauliza bei. Kiongozi akanitafsiria: haiuzwi, anasema ni ya mtoto wake huyu.

Ya mtoto wake huyu. Hata Thailand! Nimekuja mpaka nchi ya watu, na huku nako kuna mama amechungulia mitumbwi yote, akamwona mdogo wangu, akampenda. Roho iliniuma, tena si kwa mfano, iliniuma hapa chini ya kifua. Kwenye mtumbwi uliofuata nilinunua kofia mpya yenye utepe mwekundu bila kupunguziwa hata kidogo. Ilikuwa nzuri. Ilifanana na nyingine mia moja zilizoning'inia pale.

"Hii ya bibi nitampa mama," mdogo wangu akasema tukirudi garini. "Nitamwambia imetoka kwa mama mwenzake." Nikajua nimeshindwa. Kofia yangu ingepokewa. Ya kwake ingesimuliwa Sapiwi nzima, na mama angeivaa na kumfuata mwenye hadithi yake Nyashimo.

Alilala njiani. Kofia aliiweka chini ya kiti ili isivunjike. Tulipofika hotelini alishuka amelewa usingizi, akishika mfuko wa ndizi tu. Mimi nilikuwa wa mwisho kutoka. Niliiona. Ilikuwa imejitokeza nusu, ningeweza kuisogeza kwa mguu. Nikashuka, nikafunga mlango kwa mkono wangu mwenyewe, na gari likaondoka.

Alipokumbuka alikimbia mpaka barabarani. Mtu wa mapokezi alipiga simu, wakamjibu gari limeshakwenda kuchukua wageni wengine. Alikaa kitandani akalia. "Nimempotezea mama kofia yake, dada. Mimi ni mzembe gani?" Nikamwambia pole. Naam, nilimwambia pole, na nikamletea maji ya kunawa uso.

Tulipofika Sapiwi mama alitupokea kwa matobolwa, yale ya viazi vilivyokaushwa, na maziwa mgando. Tulipomaliza kula nikamkabidhi kofia ya utepe. Aliipapasa, akashukuru, akamwambia mdogo wangu aitundike kwenye msumari. Kisha akataka habari. Mdogo wangu ndiye mwenye mdomo wa kusimulia, akasimulia: ndoano, tambi, maji yalivyoingia, Mzungu alivyomkumbatia mumewe. Mama alicheka mpaka akashika mbavu.

"Basi yule bibi akatupatia kofia yake ya kichwani," mdogo wangu akasema. "Alitupatia sisi watoto wake. Nami kwa uzembe wangu nikaisahau kwenye gari."

Alitupatia. Sisi.

Mama akanigeukia. "Na wewe, ng'wanawane, ulimwamkiaje?"

"Nilimwamkia vizuri, mayu," nikasema.

Mdogo wangu alikuwa anatazama bakuli lake. Mama naye alinitazama kwa yale macho yake yaliyofifia, kisha akauliza kama maembe ya kule ni matamu kuliko yetu.

Asubuhi yake mdogo wangu alikwenda kisimani. Mama alikuwa ameketi uani akichambua choroko, nikaketi naye. Nilikuwa sijapata usingizi. Nilikuwa tayari kuambiwa Nyashimo, na nusu yangu ilikuwa inasema ndivyo nilivyostahili.

"Nitakuja kwako," mama akasema.

Sikuamini. "Kwangu? Bariadi?"

"Kwako."

Furaha ilinipanda, nikataka kulia, nikataka kupiga vigelegele. Na kama mtu asiyejua kushiba, nikataka na sifa juu yake. Nikataka nisikie kwamba mimi ni mkubwa, kwamba nyumba yangu ni nzuri, kwamba alinikumbuka miaka yote ile nilipokuwa kwa bibi. Nikamuuliza, "Kwa nini kwangu, mayu?"

Hakuinua uso kutoka kwenye choroko.

"Nikikaa kwako, mdogo wako atakuja kuniona. Nikikaa kwake, wewe hutakuja. Nami nataka niwaone wote wawili."

Nilifungua mdomo nibishe. Nikatafuta kichwani siku hata moja niliyowahi kwenda Nyashimo kwa mdogo wangu bila kuitwa, nimtajie mama, nikatafuta, na mama akaendelea kuchambua akiningoja, mpaka tukasikia mdogo wangu anarudi na ndoo kichwani, anaimba.