RAM ya Kikao cha Jumapili

Binti yangu aliniambia nitumie simu. Alisema kwa Kiingereza, kama anavyosema kila kitu, nami nikamjibu kwa Kiswahili kwamba simu inanionyesha mtu mmoja mmoja, na kikao cha familia si foleni ya hospitali. Nilitaka kuwaona wote kwa pamoja, nijue nani anatikisa kichwa na nani anaangalia pembeni. Kwa hilo nilihitaji kompyuta, na kompyuta niliyokuwa nayo ilikuwa imechoka kuliko mimi.

Ilikuwa ya mezani, ile aina ndogo wanayoifunga maofisini nyuma ya kioo, ukubwa wake kama Biblia ya madhabahuni. Kituo cha wazee ninakofanya kazi kilipobadilisha vifaa, walisema anayetaka achukue, nikaibeba kwenye mfuko wa nguo chafu hadi nyumbani Merrylands, hapa Sydney. Kwa barua pepe na ratiba ya zamu ilitosha. Lakini Jumapili, saa kumi na moja jioni huku na saa nne asubuhi Morogoro, watu sita wakifungua kamera kwa mara moja, ilikuwa inastaki. Sura ziliganda midomo wazi. Sauti ilikatika, ikarudi, na mara nyingine nikasikia jambo lile lile mara mbili. Nilisonya sana Jumapili hizo.

Tangu baba afariki, kwetu kikao hakifungwi mpaka kifungua mimba aseme. Kifungua mimba ni mimi. Mdogo wangu wa kiume ana nyumba nzuri Dodoma, ana mke mwenye busara, anaheshimika kanisani, lakini neno la mwisho liko Sydney kwa mwanamke anayebadilisha mashuka ya wazee wa watu. Sikuuomba mzigo huo. Ila sitasema uongo, kuna siku niliupenda.

Mwaka huo suala lilikuwa moja tu: mama abaki kwenye nyumba yake Morogoro, au ahamie Dodoma kwa mdogo wangu. Mdogo wangu alisema mama anasahau. Ameacha maharage jikoni mpaka sufuria ikatoboka. Amemuuliza jirani baba yuko wapi. Nikamjibu kwamba hakuna asiyewahi kuunguza maharage, na mwanamke aliyeishi na mume miaka arobaini ana haki ya kumtafuta.

Sababu yangu ya kweli ilikuwa nyingine. Nilipokwenda likizo mara ya mwisho, mabegi yakiwa tayari kwenye gari, mama alinishika mkono mlangoni.

“Usikubali wanitoe hapa,” alisema. “Hapa ndipo ninapojua kila kitu kilipo.”

Niliahidi. Kwa hiyo kila Jumapili nilipinga, na karibu kila Jumapili kompyuta iliganda katikati ya kupinga kwangu. Mara moja iliganda nikiwa nimeinamisha kichwa, natafuta miwani. Baba mdogo, ndiye mwenyekiti wa vikao, akaona kichwa kimeinama, akatangaza kwamba mkubwa amekubali, na wakasimama kwa sala ya kufunga. Nilipiga simu nikifoka. Ilibidi wakae tena chini, baada ya amina.

Hapo ndipo nilipoamua liwalo na liwe, mashine itatengenezwa. Mwenzangu wa kazini, Mrundi aliyekuwa fundi kabla ya kuja huku, alisema kosa si mtandao bali ni RAM, mahali ambapo kompyuta hushikilia kazi inayofanya kwa wakati huo. Yangu ilikuwa kidogo mno. Kuiwekea nyuso sita, alisema, ni sawa na kubandika sufuria sita kwenye mafiga matatu.

Siku yangu ya mapumziko nilipanda treni kwenda Cabramatta, miguu ikiniuma kwa zamu tano mfululizo, nikanunua vijiti viwili vya RAM katika duka dogo nyuma ya soko. Nilirudi, nikafungua mashine, nikavipima. Vilikuwa virefu kama shubiri, na nafasi iliyokuwepo haikufika hata nusu yake. Nilivigeuza, nikavipindua, nikajaribu kuvishawishi. Kumbe kompyuta hizi ndogo, ingawa ni za mezani, hula RAM fupi za laptop. Nilikaa sakafuni nikitazama risiti, sina nguvu hata ya kukasirika.

Nilirudi Cabramatta wiki iliyofuata. Mwenye duka, mzee wa Kivietinamu, alinibadilishia bila maneno mengi, ila alinionya kwamba ukienda kununua kipya, beba kile cha zamani mkononi. Nilitikisa kichwa. Nilikuwa nimekibeba, safari hii.

Kazi yenyewe niliifanya juu ya meza ya jikoni. Nilichomoa waya wa umeme, nikagusa chuma cha kasha kama Mrundi alivyonielekeza, ili umeme wa mwilini usiunguze kitu. Skrubu moja nyuma, mfuniko ukateleza. Ndani kulikuwa na vumbi la ofisi ya watu. Niliinua diski, na chini yake nikaiona RAM ya zamani, niliyoirudisha baada ya kutoka dukani, imelala kati ya vibanio viwili. Nilivipanua kwa vidole na yenyewe ikainuka. Vipya niliviingiza kwa mshazari, kisha nikavilaza taratibu mno, kwa mkono ule ule ninaoutumia kumgeuza mgonjwa mwenye ngozi nyepesi.

Nilipowasha, feni ilizunguka na kioo kikabaki cheusi. Niliinamia meza nikalia kidogo. Haikuwa kwa sababu ya kompyuta, nadhani. Nilikuwa nimechoka kubishana na watu ninaowapenda.

Mrundi alicheka kwenye simu. Alisema nimeibembeleza. Kuna vitu havitaki huruma, nisukume mpaka nisikie mlio. Nilisukuma, ikasema tak, mara mbili, na kioo kikawaka.

Jumapili hiyo nilikaa mbele ya kioo dakika kumi kabla. Walifungua mmoja mmoja, na hakuna aliyeganda. Nilimwona baba mdogo akijichokonoa sikio kwa njiti ya kiberiti. Niliona mvi za mdogo wangu, ambazo hakuna aliyeniambia. Nilimwona mama sebuleni kwake, kitenge cha bluu begani, dada yetu wa mwisho, anayemfuata kila Jumapili kwa ajili ya kikao, kando yake ameishika simu. Nilijisikia mshindi. Nilikuwa nimepanga hoja zangu zote.

“Umekula nini leo, mwanangu?” mama aliuliza, kama anavyouliza kila Jumapili.

“Wali na mchicha, mama.”

Akanyamaza. Uso ukasimama. Nilinyoosha mkono kwenda kuipiga mashine kofi, kwa mazoea, na hapo nikaona pazia nyuma yake linapepea. Mkono wa dada yetu ukapita, ukamrekebishia kitenge. Baba mdogo akakohoa. Kila kitu kwenye kioo changu kilikuwa kinatembea, isipokuwa mama.

“Umekula nini leo, mwanangu?”

Hakuna aliyeshtuka. Mdogo wangu aliangalia chini, na dada yetu akamshika mama mkono. Walikuwa wameshazoea. Mimi peke yangu, Jumapili zote zile, nilikuwa naisonya kompyuta.

Uso ule naujua. Naupelekea chai kila asubuhi, vyumba vinane kwenye korido yangu, na ndugu wa wale wazee wanapobisha kwamba mama yao hana tatizo, huwa nawahurumia na pembeni nawasema. Kinyozi hajinyoi. Niliona aibu, kisha nikaona huzuni, na huzuni ndiyo iliyokaa.

Tulifundishwa kazini kwamba mtu akirudia swali, mjibu kama hajawahi kuliuliza.

“Wali na mchicha, mama.”

“Vizuri. Kula, unakonda.”

Baba mdogo akafungua kikao, akataja ajenda ile ile, akanigeukia. Mdogo wangu aliendelea kuangalia chini. Angeweza kusema, na alikuwa na haki. Hoja zangu zilikuwa kwenye karatasi kando ya kibodi, nikaziona kama zimeandikwa na mtu mwingine.

“Mchukue,” nilimwambia mdogo wangu. “Lakini kabla hujamtoa pale, piga picha kila rafu ya jiko lake, kila droo. Ukamwekee vivyo hivyo huko kwako. Chumvi mahali pa chumvi.”

Alisema atafanya hivyo. Sauti yake ilitetemeka, na safari hii nilijua si mtandao.

“Nani anahama?” mama akauliza.

Wote wakanitazama, nyuso zote kwa mara moja, safi kabisa. Neno la mwisho ni langu, kwa hiyo nilimjibu mimi: “Ni wewe, mama.”