Mtungi Mmoja, Watu Sita

Nyumba ilikuwa na bibi mmoja, mtungi mmoja wa shaba na sahani moja iliyoanikwa juani. Nikamuuliza wanaishi wangapi.

"Sita," akasema.

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Kazi yangu ni kukadiria maji ya vijiji kabla bomba halijachorwa. Nilikuwa nimepanda milima ya Khotang, huku Nepal, tangu alfajiri, magoti yanawaka moto, na kila nyumba wimbo ni uleule: watu wengi kwa mdomo, uani kimya.

Chemchemi yao ilikuwa ndogo. Hesabu ikizidi, mradi unahamia kwingine, na akina mama wanaendelea kubeba maji.

"Bibi Phulmaya, hao watano wako wapi?"

"Watatu Qatar, wawili Malaysia."

"Basi hawanywi maji ya hapa. Niandike mmoja?"

Akageuza uso. "Mjukuu wangu, kwetu asiyehesabiwa ni marehemu. Unataka niwazike wanangu kwa mdomo wangu?"

Jirani yake, Kamala, akadakia: "Na mimi usinizikie mume. Hata kama hapigi simu, fedhuli yule."

Nikachoka kubishana, nikaketi kizingitini. Bibi akaubeba mtungi mgongoni.

"Huo wa ngapi leo, Bibi?"

"Wa pili. Mmoja wangu, mmoja wa nyati wangu wa maziwa."

Hilo alilijibu bila kusita.

Nikarudia nyumba zote. Sikuuliza watu tena, niliuliza mitungi. Nikaongeza kidogo, maana bomba likifika mtu huoga zaidi, na sikukuu watoto hurudi. Chemchemi ikatosha, na hakuna aliyezikwa.

Mradi ulipopitishwa nikampigia mama, kule kijijini kwetu Bhojpur, nijisifu.

"Hongera, baba," akasema. "Kwetu wapimaji wenzako walipita mwaka jana. Walisema watu tumezidi maji, wakaenda zao."

Nilishangaa. Kijijini kwetu wamebaki wazee watupu.

"Mama, wewe uliwaambia mko wangapi?"

"Wanne."

Baba alishafariki. Sisi watoto watatu tuko mjini, miaka mingi hatujakanyaga huko. Mama analala peke yake.

"Kwani ulitaka niseme wangapi, Tilak?" akauliza. "Haya, acha niwahi maji."

Akakata simu. Nilijisikia vibaya sana.

Ndugu zangu mlio mbali, nendeni nyumbani mkaonekane. Mama bado anawahesabu, na hesabu hiyo anaibeba mgongoni kila asubuhi.