Plasta Mbili za Saumu

Wateja wa kibanda cha kuchaji simu pale Likombe husema yule dada Saumu ana roho ngumu. Hapunguzi bei, hacheki na mtu, na ukimwomba plasta kwa sababu mtoto wako kajikata, anakukazia macho utadhani umemtukana. Ni kweli, hayo yote ni kweli. Ila wangejua plasta ilimfanya nini, wangemwacha na kununa kwake.

Alizaliwa kijijini Ziwani, kwa Mzee Athumani Chilumba, mkulima wa mikorosho aliyekuwa pia mpimaji wa ubora kwenye chama chao cha msingi. Msimu ukifika mzee huyo alikaa kwenye kigoda na kisu chake, anapasua korosho moja moja kutazama kiini. Gunia laweza kuwa zito kwa maji tu, kumbe ndani viini vimesinyaa. Na hakutaka kujua gunia ni la nani. Kila gunia lilipigwa alama ya mkaa, majina akabaki nayo karani kwenye daftari lake. "Nikijua ni la shemeji yangu, kisu kinalegea," alikuwa akisema. Aliyekuwa akimshikia huo mkaa ni Saumu.

Alipomaliza masomo ya kompyuta, chuo kimoja cha ufundi pale mjini kilimchukua kama kibarua. Miaka minane, jamani! Miaka minane ya kufungua mashine na kupuliza vumbi, kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Kila mwaka aliahidiwa barua ya ajira ya kudumu, na kila mwaka akaambiwa asubiri kidogo. Hakutaka kingine. Alitaka barua moja yenye muhuri, aipeleke Ziwani, baba yake aone kwamba ile mikorosho aliyoiuza ili bintiye asome haikupotea bure.

Mwaka 2005 chuo kikaamua kufundisha uchoraji wa nyumba kwa kompyuta. Mashine zilizokuwepo zilikuwa hoi, haziwezi kuizungusha nyumba kwenye kioo. Zilihitaji kadi za grafiki, vile vibao vinavyochomekwa ndani ya mashine ili kuchora picha. Wauzaji wawili wa Dar wakaleta sampuli, kila mmoja yake. Mkuu wa chuo akamwita Saumu.

"Zijaribu, utuandikie ripoti. Hili likienda vizuri, barua yako naisaini mwenyewe."

Kadi ya kwanza ilikuja kwenye boksi kubwa lenye picha ya mwanamke kashika upanga, na namba 256 kwa rangi ya dhahabu. Hiyo ndiyo memori yake, megabaiti mia mbili hamsini na sita. Ya pili haikuwa hata na boksi. Ilikuja kwenye mfuko wa kijivu, megabaiti mia moja ishirini na nane.

Bwana Waziri, mkuu wa manunuzi, aliipakata ile ya boksi. "Sasa hapa unapima nini, binti? Hii ni mara mbili ya ile. Hata mtoto wa darasa la pili anaona."

Saumu alikuwa ameshasoma maandishi madogo ambayo Bwana Waziri hakuwa na habari nayo. Ile ya upanga ilipitisha data kwa njia ya biti 64. Ile ya mfuko, biti 128. Kwa maneno mengine, ya kwanza ilikuwa ghala kubwa lenye mlango wa kupita mtu mmoja, na ya pili ghala dogo ambalo mkokoteni unaingia bila kugusa ukuta. Aliposoma hayo alizikumbuka korosho za maji.

Akazipasua kwa vipimo. Mashine ileile, nyumba ileile ya vyumba vinne na baraza. Kadi ya mfuko iliizungusha kwa fremu, yaani picha, thelathini na nane kila sekunde, nyumba ikateleza vizuri kabisa. Kadi ya upanga ilitoa fremu kumi na moja, nyumba ikawa inashtukashtuka mpaka kichwa kikamuuma. Alirudia kwa siku tatu, majibu yakawa yaleyale.

Sasa hapa kwenye ripoti ndipo alipojimaliza kwa akili zake mwenyewe. Aliijua kamati ya manunuzi. Wakiona 256 tu, hawatasoma mstari mwingine. Kwa hiyo akafanya kama baba yake: akaficha majina ya kadi, akaficha na memori. Alikata vipande viwili vya plasta kutoka sanduku la huduma ya kwanza, akaandika A akaibandika kadi ya mfuko, akaandika B akaibandika ya upanga. Ripoti ikasema Kadi A fremu 38, Kadi B fremu 11, inunuliwe Kadi A. Akasaini jina lake kamili, akamkabidhi Bwana Waziri karatasi na sampuli zote mbili, akarudi nyumbani na furaha zake.

Baada ya miezi miwili mzigo ukafika. Maboksi ishirini, na yote yana mwanamke mwenye upanga.

"Bwana Waziri, hizi sizo. Nilishauri Kadi A."

"Na A ndiyo tuliyonunua." Akavuta droo, akatoa sampuli ya upanga. Mgongoni ilikuwa na plasta, na kwenye plasta herufi A. "Huu si mwandiko wako?"

Ulikuwa wake. Plasta ilikuwa imeinuka pembeni na kushika vumbi, ilibanduliwa ikabandikwa upya.

"Umeihamisha."

"Mimi? Mimi nazijulia wapi kadi, binti? Fundi ni wewe."

Ile ya mfuko ilikuwa imesharudishwa kwa mwenyewe. Saumu akakimbilia kwa mkuu wa chuo, akaomba waipime ile ya upanga palepale mbele yake. Wakaipima. Fremu kumi na moja.

Mkuu akaitazama ripoti, akamtazama na yeye. "Hapa umeandika A inatoa thelathini na nane. Kwa hiyo ulitudanganya?"

Saumu angesema nini? Kwamba alificha kwa sababu aliwaona wote hawana akili ya kusoma? Ukweli wake wote ulikuwa kwenye karatasi ile, na kila neno sasa lilikuwa uongo wenye saini yake.

Barua yenye muhuri aliipata wiki hiyohiyo. Ilisema mkataba hautaendelea.

Akaipeleka Ziwani. Mzee Athumani, asiyejua kusoma, akaupapasa ule muhuri kwa kidole na uso ukamkunjuka, mpaka Saumu alipomweleza yote, toka mwanzo mpaka mwisho. Mzee akaikunja barua, akamrudishia.

"Alama ulizipiga sawasawa, mama?"

"Nilizipiga, baba. Kama wewe."

"Na majina alibaki nayo nani?"

Saumu akakumbuka karani na daftari lake.

"Hakuna," akasema. "Jina lililokuwepo lilikuwa langu tu."