Alichokiuza Obonyo Kabla ya Kupigwa Risasi

Siku mahakama ya jeshi ilipomhukumu Obonyo kifo, majirani wa mtaa wa Kibuli, Kampala, walimpongeza Teresa Ajwang kana kwamba ameshinda kesi. Akawakemea. "Nimeshinda nini? Mume wangu mmeniletea?"

Obonyo alikuwa Mjaluo kama Teresa na mumewe. Alikuja Kampala kubeba magunia, akajifunza udereva, na Wahindi walipofukuzwa akabaki na lori la tajiri wake. Mcheshi, mkarimu, watoto wote walimwita baba mdogo. Wakenya waliokuwa wakihama na vyombo vyao walipanda lori lake. Wengine hawakufika kwao. Aliwanyonga kwa kamba ya turubai, akauza mali. Nani angeuliza? Miaka ile mtu akipotea, watu walinong'ona "wanajeshi wamemchukua", wakafunga mlango. Serikali ilikuwa imeua wengi hata muuaji wa mtaani akapata pa kujificha.

Oketch, fundi seremala, mumewe Teresa, alipotea hivyo hivyo. Mwaka mzima Teresa alilaani wanajeshi, huku Obonyo akija kula ugali kwake na kumpa pole!

Obonyo alikamatwa tu alipomnyonga shemeji wa kapteni mmoja. Ndiyo kesi aliyosomewa. Chumbani mwake likakutwa sanduku la randa la Oketch, mahakama haikulitazama.

Wakwe walitaka wazike yago, lile tunda refu la mwegea ambalo Wajaluo huzika mwili usipoonekana. Teresa akakataa. "Anayejua mwili ulipo bado anapumua. Tunda la nini?"

Akabeba samaki wa kukaushwa hadi kwa Ochan, askari wa mahabusu.

"Mama, ruhusa hakuna," Ochan alisema, akinusa kikapu.

"Nani kakuomba ruhusa? Nipe dirisha tu."

Obonyo alimwona kupitia nondo za dirisha, akacheka. "Shemeji! Leo ugali umeniletea huku?"

"Nimeleta sikio. Oketch yuko wapi?"

"Na mimi napata nini?"

"Mtu wa kupigwa risasi kesho ana haja gani?"

Kicheko kikamkatika. "Hawa watanifukia kama mbwa. Waombe mwili wangu, nirudi kwetu. Sema wewe ni mke wangu."

Mate yalimjaa Teresa kinywani. Akayameza. "Nitaomba. Wakikataa, si juu yangu. Haya, sema."

"Shimo la matofali, bondeni chini ya Kibuli. Nyuma ya tanuri lililobomoka."

Kesho yake walimfunga mtini mbele ya umati, wakamfunika uso. Risasi zikalia, watu wakapiga makofi. Teresa akapenya hadi kwa sajini.

"Naomba mwili."

"Wewe nani yake?"

"Mke wake."

Askari wakaangua kicheko. "Tafuta bwana ingine, mama. Huyu ya serikali."

Basi. Aliahidi kuomba, ameomba. Akaenda kutafuta jembe.

Nyuma ya tanuri, yeye na ndugu wa mumewe walimfukua Oketch. Alimjua kwa shati alilomshonea mwenyewe. Lakini chini yake kulikuwa na mwingine, na pembeni wengine wawili. Watu wanne shimoni, na wakubwa wa mahakama wenye nyota mabegani walikuwa na uchungu na shemeji wa kapteni tu!

"Tuchukue wetu twende," ndugu wa mumewe akanong'ona, akimvuta mkono. "Jeshi litatukuta hapa."

Teresa akauchomoa mkono wake, akapanda juu ya rundo la matofali, akapaza sauti kuelekea nyumba za mlimani:

"Tokeni! Mpaka lini mtajifungia? Aliyepotelewa na mtu wake, aje atazame!"